Mwanangu wa hai skuli hataki niende jioni ya wazazi shuleni kwao, nifanyeje?

Dada shikamoo. Mi ni msomaji wako wa kimya kimya, sijawahi kuandika popote ila hili limenikaa kooni wiki nzima na mume wangu ameshachoka kunisikiliza. Naomba jina langu lisitoke maana huku Waswahili wote tunajuana.

Nipo Maryland, Silver Spring. Tulikuja kwa bahati nasibu ya grini kadi, mtoto wetu mkubwa alikuwa na miaka tisa, sasa hivi ana 16 na ndo kaingia gredi ya 11. Ni kijana mzuri, sisemi kwa sababu ni wangu, jumamosi anaenda kazini kwake anapanga bidhaa kwenye duka la vyakula, anarudi, anakula, analala. Darasani hayuko juu sana wala hayuko chini.

Sasa kuna hii jioni ya wazazi ya mwanzo wa mwaka, wenyewe wanaiita Back-to-School Night. Kwa ambao hawajui ni kwamba shule ikishafunguliwa, mwezi wa tisa hivi, wazazi mnaitwa jioni mnapita madarasani kwa kufuata ratiba ya mtoto wako, kipindi cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho, kila mwalimu anaongea kama dakika kumi anaeleza atafundisha nini na maksi anazitoaje, kengele inalia, mnahama. Ya mwaka huu ni alhamisi, wiki kama tatu kutoka leo, saa kumi na mbili na nusu jioni.

Mi sijawahi kukosa. Alipokuwa mdogo alikuwa ananiachia barua juu ya dawati lake, kanichora nina kichwa kikubwa, mi nakaa kwenye kile kiti kidogo nasoma. Mido skuli tukawa tunaenda wote, ananivuta mkono wa gauni darasa hadi darasa, na kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini, nasikia ila wakiongea haraka napotea, basi yeye ndo mkalimani wangu, toka ana miaka 11 yeye ndo ananitafsiria kila kitu, bima, leseni ya gari, kwa daktari wa sukari wa baba yake, mpaka leo. Gredi ya 9 tulienda wote, mwaka jana pia tukaenda wote ingawa nilimwona hana raha, wenzie niliowaona pale walikuwa wamevaa fulana za shule wanaelekeza wazazi njia, yeye yuko na mimi nyuma ya darasa ananinong'oneza.

Mwaka huu tangazo limeingia kwenye simu nikamwambia. Akakaa kimya kwanza. Afu akasema, "Mama usiende. Hamna mzazi anaendaga gredi ya 11." Nikamuuliza una nini unanificha? Akasema hamna. Nikamuuliza, au unanionea aibu? Hakujibu, akainuka akaingia chumbani kwake. Mlango hakuubamiza dada, aliufunga taratibu, na hiyo ndo imeniuma zaidi, angeubamiza ningejua ni hasira ya ujana. Nilikuwa nimemwomba aniandikie ratiba yake kwenye karatasi, nimeikuta kwenye friji chini ya sumaku, kaandika vipindi vyote namba moja mpaka saba, majina ya walimu na vyumba kaacha wazi.

Baba yake anasema niachane na hayo mambo ya chekechea. Yeye alisoma bodingi Tabora, babu yake mtoto alimpandisha treni Mwanza na tranka lake wakaja kuonana likizo, na amekuwa mtu. Anasema kwetu mzazi ukiitwa shule ni mawili tu, ama mtoto kaharibu ama kuna mchango. Yeye anaendesha Uber, jioni ndo muda wa hela, haendi.

Na mimi kazi yangu ni kulea wazee, Washington DC, shifti ya saa tisa mchana mpaka saa tano usiku. Nikiiacha hiyo siku ni kama dola 160 zimeondoka, na supavaiza wangu ukimwomba ruhusa ananuna mwezi.

Rafiki yangu mmoja Mkenya tunasali naye ananiambia ole wako usiende, mzazi asipoonekana mtoto anasahaulika, hasa mtoto wetu mweusi wa kiume. Hiyo imenitisha. Kazini kuna mama Mmarekani kabisa, mzaliwa, anasema yeye toka mwanae aingie hai skuli hajakanyaga hata mara moja na mtoto yuko chuo sasa hivi anaendelea vizuri tu.

Sasa dada nishike lipi. Nikienda nimemkosea mtoto, nisipoenda najiona mzazi wa jina. Na chini ya yote kinachonila ni hicho, kwamba labda ananionea aibu. Kitenge changu, Kiingereza changu, sijui.

Mama wa Silver Spring

JIBU

Marahaba mdogo wangu, pole na karibu. Umesema hujawahi kuandika popote ila umeandika vizuri mno, mpaka ile karatasi ya kwenye friji nimeiona.

Nikuelezee nilivyokuelewa, nikikosea utanirekebisha. Una mtoto wa miaka 16 ambaye hajakupa shida, shuleni kwao kuna jioni ambayo umeizoea na kwako imeshakuwa kama ahadi, yeye kakuambia usije na sababu hajatoa, na kila mtu uliyemuuliza kakupa jibu lake kwa uhakika kabisa, mmoja nenda, mwingine acha, na hakuna aliyekuuliza we mwenyewe unaenda kutafuta nini. Juu ya hapo kuna dola 160. Na chini ya hapo kuna aibu, na naona ndo umeiandika mwisho kwa sababu ndo nzito.

Tuanze na hiyo aibu basi.

Kuna sentensi umeipitisha mbio, katikati ya bima na leseni ya gari. Umesema toka ana miaka 11 yeye ndo mkalimani wako. Nimeisoma nikairudia. We umeiandika kama maelezo ya pembeni, mi naona kama ndo barua yenyewe iko hapo, ila naweza kuwa nimekosea manake mwanao simjui. Hebu mweke mbele yako mwaka jana. Kasimama nyuma ya darasa, kila mzazi kakaa peke yake au na mwenzie, watoto wengine hawapo maana hai skuli jioni hiyo ni ya wazazi, waliopo ni wale wenye fulana za shule ambao wana kazi ya kueleweka, wanaelekeza watu. Yeye anamsikiliza mwalimu wake wa kesho asubuhi, anageuza kwa Kiswahili, anakunong'oneza, wa mbele wanageuka kuangalia nani anaongea wakati mwalimu anaongea. Afu we unamwambia muulize anaendeleaje. Yeye huyo huyo ndo aulize habari zake mwenyewe, na jibu likiwa baya yeye huyo huyo akuletee. Ningekuwa mimi nisingejua niliseme lote au nipunguze.

Na kwa daktari wa sukari je? Baba kapimwa, daktari kasema namba, mtu wa kwanza chumbani kuelewa hali ya baba ni mtoto wa miaka 11, baba na mama wanamwangalia mdomo. Sikulaumu mdogo wangu, wazazi wengi sana wa huku wamepita njia hiyo hiyo, ulikuwa unatumia ulichonacho. Ila kuna uwezekano kwamba "usiende" ya mwanao maana yake ni "usiniite tena," yaani hajachoka na mama yake, kachoka na ile kazi. Na mtoto mwenye adabu hiyo kazi hajui aikataeje, atakuambiaje, mama sitaki kukusaidia? Anafunga mlango taratibu.

Au sivyo. Inawezekana pia kweli anaona aibu, na hapo nakuomba usiogope sana hilo neno. Miaka 16 ni umri wa kuonea aibu kila kitu, anaionea aibu sauti yake, viatu vyake, honi ya gari la baba yake. Akikuonea aibu leo haina maana anakudharau, na wala si sababu ya kukiacha kitenge chako kabatini. Mtoto anaweza kumpenda mama yake kufa na bado hataki aonekane naye kwenye korido namba fulani siku ya alhamisi.

Na hilo la pili, kwamba kuna kitu anaficha. Sitaki kulipuuza, mtoto anaweza kuwa na ugomvi na mwalimu, kuna anayemwonea, kuna somo linamshinda. Ila nikuambie ukweli, hiyo jioni si mahali pa kuligundua. Mwalimu ana kundi la wazazi mbele yake na dakika kumi, hawezi na hatakiwi kuzungumza habari za mtoto mmoja mbele ya watu, ukimuuliza atakuambia kwa tabasamu tuandikiane imeili au tupange siku. Ukitaka kujua maksi, kazi ambazo hajapeleka, vipindi alivyokosa, vyote hivyo viko kwenye ParentVUE, ule mtandao wa shule wa wazazi, unavisoma ukiwa kitandani na chai yako. Kama akaunti yako alikufungulia yeye na neno la siri analo yeye, hilo lisawazishe kwanza, na ofisi ya shule watakusaidia. Na kama kuna jambo la moyo, yupo kaunsela wa shule aliyepangiwa mtoto wako, huyo unaweza kumwomba miadi mchana kabla hujaingia shifti.

Kwa hiyo kama kinachokupeleka ni wasiwasi, utatoka pale saa mbili usiku na wasiwasi wako mzima kama ulivyoingia nao.

Sasa jioni yenyewe ina nini? Kwa gredi ya 11 ina mambo. Huu ndo mwaka ambao vyuo vinauangalia sana. Mwezi wa kumi kuna PSAT, mtihani wa kujipima kabla ya SAT, baadaye mwakani SAT yenyewe, ule wa kuombea chuo, kama ana somo la AP, yaani la kiwango cha chuo, mtihani wake ni mwezi wa tano na maksi ni kuanzia 1 mpaka 5, na Maryland mtoto hapati cheti cha hai skuli bila masaa ya kujitolea, huko kwenu ni 75, wapo wazazi wanakuja kushtuka mwaka wa mwisho mtoto ana 20. Hayo yanasemwa pale ukumbini kabla hamjaanza kuzunguka. Madarasani utajua mwalimu gani anapokea kazi iliyochelewa na nani hapokei, nani anaruhusu kurudia jaribio, homuwek ina uzito gani na mtihani una uzito gani. Vingi vya hivyo viko pia kwenye silabasi ambayo mwanao kaletewa wiki ya kwanza na labda iko chini ya begi imekunjika mara nne. Kisichokuwepo kwenye karatasi ni sura. Umemwona mwalimu, kakuona, siku ukimwandikia unajua unamwandikia nani.

Ila na hilo tusilikuze. Mwalimu wa hai skuli ana wanafunzi zaidi ya mia, usiku huo kaona sura nyingi kwa mkupuo, ukifikiri atakukumbuka kwa sababu ulikaa kiti cha pili, labda, labda hapana. Rafiki yako Mkenya ana hoja na sitaibeza, sote tunajua mtoto wetu wa kiume akikosea shuleni jicho linalomwangalia si lile linalomwangalia mwenzie, na kuwa na mzazi anayefahamika kunasaidia. Ninachomwuliza tu ni kama kuonekana ni lazima kuwe usiku huo na kwa njia hiyo. Na yule mama wa kazini kwako naye msikilize kwa kipimo, yeye ile shule anaijua kwa sababu kaisoma, hahitaji mtu amweleze maana ya GPA, ule wastani wa maksi, we ulisomea wapi? Mkikaa nyumbani nyote wawili, we unakosa zaidi yake.

Neno la mwanao kwamba hamna mzazi anaendaga, lina robo tatu ya ukweli. Shule za msingi hupati mahali pa kupaki, hai skuli watu wanapungua, na kadri gredi inavyopanda wanapungua zaidi. Utakuta darasa la AP limejaa wazazi na chumba cha jirani kina watatu. Lakini wapo.

Baba mtoto sasa. Nimecheka na tranka la Tabora, manake nami nililibeba langu. Anachosema ni kweli kwa pale alipokuwa, ila nadhani anasahau kwamba bodingi ilikuwa na mwalimu wa zamu, patroni, viranja, kengele ya kuamka na kengele ya kulala, yaani mzazi alikuwa kakabidhi mtoto kwa watu wanaoishi naye. Huku mwalimu anamaliza saa nane na nusu anaondoka, na shule inahesabu kuwa kipande kilichobaki kinashikwa nyumbani. Wakikuita si kesi wala si mchango (ingawa meza ya PTA, chama cha wazazi na walimu, itakuwepo mlangoni na watakuuzia fulana).

Lakini kuna kitu baba kakiona na wewe hujakiona, kwamba huyu si mtoto tena. Sheria ya huku inayolinda rekodi za wanafunzi, FERPA ya mwaka 1974, inasema mtoto akitimiza 18 haki ya hizo rekodi inahamia kwake. Umebakiza kama miaka miwili. Hiyo miwili unaweza kuitumia kushikilia zaidi, au unaweza kuitumia kumkabidhi kidogo kidogo huku bado unaona, na sijui ipi inakufaa, inategemea na yeye.

Na swali dogo la kichokozi. Baba anaendesha Uber, anaongea Kiingereza na abiria kutwa nzima. Amewahi kufikiriwa kwenda yeye? Najua umesema haendi. Nauliza tu kama aliwahi kuombwa au ilishazoeleka kwamba mambo ya shule ni ya mama. Kijana wa 16 akimwona baba yake kwenye korido inaweza kumshangaza kwa namna nzuri. Inaweza pia ikawa baba kaenda kwa kutumwa, kakaa nyuma na simu, karudi ukimuuliza mwalimu wa kemia kasemaje anakwambia "yuko poa." Hasara ya hela ya jioni na habari hamna.

Tuangalie njia nyingine. Unaweza kwenda bila mtoto. Na hapa nikupe kitu ambacho wengi hawakijui: shule inayopokea hela za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ile sehemu ya sita, kuwasiliana na mzazi asiyejua Kiingereza vizuri kwa lugha anayoielewa, na mkalimani ni juu yao, hulipi hata senti, na hawatakiwi kumtegemea mtoto afanye hiyo kazi. Kihispania na Kiamhari kwenye eneo lenu utavikuta bila kuhangaika, Kiswahili inabidi uombe mapema, andika imeili ofisini sema naomba mkalimani wa Kiswahili kwa jioni ya wazazi. Inaweza kuwa mtu, inaweza kuwa sauti kwenye simu. Ugumu wake ni kwamba vyumba saba na kengele, mkalimani wa simu anaweza kukukatikia katikati ya hesabu, utapotea korido, utafika darasa la tano limeshaanza. Hizo zinavumilika. Ambayo haivumiliki kirahisi ni kama umeenda kimyakimya baada ya yeye kusema usiende, akaja kusikia kwa rafiki yake kwamba mama yako nilimwona. Ukiamua kwenda, ajue kwanza kutoka kwako.

Unaweza pia usiende, ukawaandikia walimu. Mistari minne tu, mimi ni mama wa fulani, kazi yangu ni ya jioni sitaweza kufika, naomba silabasi, na ukiona anateleza naomba uniandikie hapa. Andika kwa Kiswahili mtambo wa tafsiri ugeuze, wao wameshazoea. Njia hii inalinda shifti na inalinda korido ya mtoto. Hatari yake naijua vizuri kwa sababu watu wananiandikia baadaye: unasema nitaandika kesho, kesho inakuwa mwezi wa pili. Na hatari nyingine, mtoto anaweza kujifunza kwamba akifunga mlango taratibu mama anarudi nyuma, nawe hutajua kama ulirudi nyuma kwa heshima au kwa kuumia.

Kuna ya kusubiri mikutano ya mzazi na mwalimu ana kwa ana, shule nyingi huwa mwezi wa 11, ulizia kama hai skuli yenu wanayo, hapo ndo pa kuuliza anaendeleaje na ujibiwe, mkalimani pia unaomba. Ila robo ya kwanza ya mwaka inakuwa imeshakwisha au inaning'inia, kama kuna somo limeharibika limeharibika.

Na kuna nusunusu, uende ukumbini na madarasa mawili tu ambayo atayachagua yeye, urudi kazini. Wengine inawafaa, wengine wanaona bora nisiende kabisa.

Kabla ya yote hayo kuna kuongea naye, na hapa nina ombi moja. Lile swali "unanionea aibu?" liweke pembeni, halijibiki. Akisema ndiyo kakuvunja, akisema hapana hujamwamini, ndo maana aliinuka. Subiri mko kwenye gari unampeleka kazini kwake jumamosi, mnaangalia mbele wote, muulize hivi: nikienda peke yangu, nikapewa mkalimani wa shule, wewe ukabaki nyumbani au ukaenda na wenzio wenye fulana, ingekuwaje? Afu nyamaza. Usijaze ule ukimya. Ukiona mabega yameshuka, utajua ni kipi kilikuwa kinamlemea. Akisema bado sitaki, mwulize kuna mwalimu gani hasa hutaki nimwone, na hapo ndo utajua kama kuna kitu cha kufuatilia kwa kaunsela. Akinyamaza kabisa, basi kanyamaza, jumamosi nyingine ipo.

Na bila kujali alhamisi utaamua nini, hilo la kwa daktari nakuomba uliangalie. Hospitali na kliniki zinazopokea hela za serikali nazo zina wajibu wa kutoa mkalimani bure, unasema wakati wa kupanga miadi. Naomba siku moja mwanao aende shule wakati baba yake yuko kwa daktari, asijue namba ya sukari mpaka mmwambie nyie wazazi wake mkiwa mmekaa mezani. Sijui hilo litabadilisha nini kwenye suala la shule, ila nadhani yeye ataligundua.

Mwisho ni hiyo shifti, maana ina tarehe. Umesema kazi yako iko DC. Sheria ya DC inampa mfanyakazi ambaye ni mzazi masaa 24 ndani ya miezi 12 kwa ajili ya shughuli za shule za mtoto wake, hata kama shule yenyewe iko ng'ambo ya mpaka Maryland. Hulipwi, isipokuwa ukitumia likizo yako ya malipo, na mwajiri anaweza kukataa kama kutokuwepo kwako kutakwamisha huduma kweli kweli, lakini kununa si sababu. Inatakiwa umpe taarifa siku 10 kabla. Kwa hiyo hata kama bado hujaamua, na mazungumzo ya kwenye gari bado, iandike leo hiyo taarifa, kwa maandishi, ubaki na nakala. Ukija kuamua kutokwenda, shifti unairudisha, sidhani kama supavaiza atakataa mtu wa kufanya kazi alhamisi jioni.